Shotigani yenye teke dogo kwa kulenga visahani: jinsi ya kuichagua ukiwa Dodoma

Ukikutana na shotigani huku kwetu katikati ya nchi, iwe Kondoa, Manyoni au Mpwapwa, mara nyingi ilinunuliwa kwa ajili ya kanga na kwale, au kulinda shamba na mifugo. Kwa kazi hizo teke la bunduki si hoja. Mwindaji anafyatua mara tatu au nne, anaokota ndege wake, basi. Anayelenga visahani vya udongo anarushiwa 25 katika raundi moja, na raundi nne kwa siku ni jambo la kawaida. Bunduki ileile ambayo babu hakuwahi kuilalamikia itamfanya mjukuu auchukie mchezo kabla ya saa sita mchana.

Bega lenyewe linapona. Kinachoniumiza mimi nikiwatazama wanaoanza ni kile kinachobaki kichwani. Mwili ukishaumizwa unajihami: macho yanafumba wakati wa kufyatua, kidole kinavuta triga kwa pupa, mtutu unasimama huku kisahani kinaendelea na safari yake. Tabia hiyo ikishaota mizizi, kuing'oa ni kazi ya miezi, na wengi huacha kabla hawajafika huko.

Dada mmoja wa Kisasa aliwahi kunionyesha shotigani aliyonunuliwa na mume wake. Ilikuwa nyepesi, nzuri kubeba porini, mwisho wa kitako una kibao cha plastiki kigumu kama kwato, na risasi zilizokuja nayo zilikuwa za gramu 36, yaani uzito wa punje zilizomo ndani ya kila risasi.

"Kaka, wameniambia nitaizoea tu," alisema.

"Dada, hiyo haizoeleki. Tubadilishe risasi kwanza, halafu tuongee habari ya bunduki."

Mpangilio huo ndio nitakaoufuata hapa: risasi kwanza, uzito wa bunduki pili, kitako tatu, na mambo mengine yote baadaye. Watu wengi huuanza kinyume. Hukimbilia tundu dogo na bunduki nyepesi wakidhani ndiyo laini, na hapo ndipo wanapopotea.

Kabla ya kutoa hata shilingi

Nenda polisi. Umiliki wa silaha nchini unasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na maombi huanzia serikali ya mtaa au kijiji chako na kupanda hadi wilayani na zaidi. Usilipie bunduki kwanza ndipo uulize. Peleka maswali matatu mapema: aina ya mtambo ninayoitaka (yaani jinsi bunduki inavyofunguka na kupakia) inaruhusiwa kwa raia? Nitaruhusiwa kununua risasi ngapi? Na nitakapofanyia mazoezi pana kibali? Swali la pili lina uzito kuliko linavyoonekana, kwa sababu mlenga visahani anamaliza kwa asubuhi moja risasi ambazo mwindaji angezitumia msimu mzima.

Hatua ya kwanza: elewa teke linatoka wapi

Nguvu inayosukuma marisau, zile punje ndogo zilizomo ndani ya risasi, mbele ndiyo hiyohiyo inayosukuma bunduki nyuma. Kwa hiyo ukubwa wa teke unategemea vitu vitatu tu: uzito wa kinachotoka mtutuni (marisau, kikombe chake cha plastiki na gesi ya baruti), mwendo kinaotoka nao, na uzito wa bunduki inayobaki mikononi mwako. Rangi, nchi ilikotoka na bei havimo kwenye hesabu hiyo.

Nikipiga hesabu kwa bunduki ya kilo 3.4 na mwendo wa mita 400 kwa sekunde, majibu yanakuja takriban hivi. Risasi ya gramu 36 inatoa teke la jouli 41 (jouli ni kipimo cha nishati). Ya gramu 28 inatoa 25. Ya gramu 24 inatoa 19. Ya gramu 21 inatoa 15. Tazama tena namba ya kwanza na ya tatu: kwa kubadilisha boksi la risasi tu, bila kugusa bunduki, teke limepungua zaidi ya nusu.

Mwendo nao unasaidia. Risasi ya gramu 28 ikishushwa kutoka mita 400 hadi 365 kwa sekunde, teke linatoka jouli 25 na kufika kama 21. Kisahani hakijui tofauti hiyo. Wewe utaijua ukifika risasi ya sitini.

Hatua ya pili: chagua risasi

Soma boksi. Tafuta namba nne: uzito wa marisau, mwendo, urefu wa ganda na ukubwa wa risau. Maboksi ya Marekani huandika kwa aunsi, kwa hiyo kumbuka kwamba aunsi 7/8 ni karibu gramu 25, aunsi 1 ni gramu 28, na aunsi 1 na 1/8 ni gramu 32.

Kwa anayeanza, nunua gramu 24 au 21. Utakutana na mtu atakayekwambia hizo ni za watoto. Kanuni za kimataifa za Olimpiki zimeweka gramu 24 kuwa kikomo cha juu kabisa, na kwa kikomo hichohicho Zuzana Rehák Štefečeková wa Slovakia alivunja visahani vyote 125 vya mchujo kwenye michezo ya Tokyo mwaka 2021, kisha akachukua medali ya dhahabu. Kama gramu 24 zinatosha pale, zinatosha Dodoma.

Ukubwa wa risau uwe namba 7½ au 8, yaani kati ya milimita 2.2 na 2.4 hivi. Gramu 24 za risau la milimita 2.4 ni kama punje 300, wingu la kutosha kabisa kwa kisahani chenye upana wa sentimita 11. Zile risasi za punje nane au tisa kubwa zinazonunuliwa kwa ulinzi ziache kabisa. Hazifai kwa kazi hii, zinapiga teke kubwa, na punje zake zinakwenda mbali mno kwa usalama wa uwanja.

Ugumu ulipo ni upatikanaji. Duka ulilolizoea laweza kuwa na risasi za kuwindia peke yake. Afadhali usubiri wiki tatu muuzaji mwenye leseni akuagizie gramu 24 kuliko kuanza na 36 "kwa sasa".

Hatua ya tatu: pima uzito

Risasi ileile ya gramu 28 kwenye bunduki ya kilo 2.8 inatoa teke la jouli 31 hivi. Kwenye kilo 3.4 ni 25. Kwenye kilo 3.8 inashuka hadi 23. Bunduki za kulengea visahani huwa na kilo 3.4 hadi 3.8 kwa sababu hiyo, na kwa sababu nyingine ambayo haisemwi sana: mtutu mzito kidogo hausimami njiani. Ukianza kuuzungusha unaendelea kufuata kisahani wenyewe.

Anayeuza atakuonyesha wepesi wa bunduki kama sifa. Porini ni sifa kweli, maana unatembea nayo kutwa. Uwanjani unaibeba hatua chache, unafyatua, unaishusha. Chukua nzito unayoweza kuinua hadi begani mara 25 bila mikono kutetemeka, na ujaribu hivyo hasa, hapohapo kwa muuzaji, ikiwa tupu na imekaguliwa. Mikono ikianza kucheza kwenye mara ya kumi na tano, shuka gramu mia mbili au tatu.

Kujua uzito wa kweli ni rahisi. Panda kwenye mizani ya kupimia uzito wa mwili ukiwa mikono mitupu, kisha panda tena ukiwa umeishika bunduki tupu. Tofauti ndiyo uzito wake.

Bunduki nyepesi uliyokwisha kuimiliki nayo inaongezeka uzito. Vipo vyuma maalumu vya kuingiza ndani ya kitako, vya gramu 250 hadi 450. Ukiongeza nyuma tu, mdomo wa mtutu utakuwa mwepesi na utarukaruka, kwa hiyo uzito mwingine kidogo uende mbele.

Hatua ya nne: geji, na dhana potofu

"Mnunulie mama geji 20, ni laini." Sentensi hii imewaumiza watu wengi. Namba ya geji inaeleza upana wa tundu tu: geji 12 ni milimita 18.5 hivi, geji 20 ni 15.6, geji 28 ni 14. Haielezi teke. Geji 20 ya kilo 2.8 ikipewa gramu 24 kwa mwendo wa mita 380 inatoa kama jouli 21. Geji 12 ya kilo 3.5 ikipewa gramu 24 hizohizo, tena kwa mwendo wa mita 400, inatoa 19. Ile "ndogo" imepiga zaidi.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa mtu mzima ni geji 12 nzito na risasi nyepesi. Risasi zake zinapatikana kwa urahisi kuliko za geji nyingine. Geji 20 ina nafasi yake kwa mtu ambaye kweli hawezi kuinua kilo 3.3, ila iwe nzito kwa aina yake na risasi isizidi gramu 21 au 24. Ile ya .410, yenye tundu dogo kuliko hizo zote, naiheshimu, lakini si ya anayeanza. Marisau yake ni machache, kisahani kinapita katikati ya nafasi zilizo wazi, na mtu anakata tamaa akiwa amelenga sawasawa.

Na hapa naomba unisikilize vizuri. Nyumba au gari lenye risasi za geji 12 na za geji 20 kwa pamoja ni hatari kubwa. Risasi ya 20 ikitumbukizwa kwenye mtutu wa 12 inateleza mbele na kukwama ndani, nje ya macho. Mtu anadhani hakupakia, anaweka ya 12 nyuma yake, anafyatua, na mtutu unapasuka karibu na mkono wake. Ndiyo maana maganda ya geji 20 hutengenezwa ya rangi ya njano. Usichanganye kamwe, hata mfukoni.

Hatua ya tano: mtambo

Mtutu mmoja wa kukunja ni wa bei nafuu na umejaa vijijini. Kwa visahani ndio mbaya kuliko yote, kwa kuwa mara nyingi hauna uzito wala mpira wa kukinga bega mwisho wa kitako. Mitutu miwili ya ubavu kwa ubavu nayo kwa kawaida ni nyepesi, ya kiporini. Pampu, zile za kupakia kwa kuvuta kishikio cha mbele, hazina ubaya, ila hazipunguzi chochote zenyewe.

Kinachobaki ni mashindano ya aina mbili.

Ya kwanza ni semi-otomatiki inayoendeshwa kwa gesi. Vitundu vidogo kwenye mtutu huchepusha sehemu ya gesi ya baruti, gesi inasukuma pistoni, pistoni inafungua mtambo na kupakia risasi nyingine. Msukumo wote kwa jumla haupungui sana, lakini unagawanywa kwa muda mrefu zaidi, na bega linauhisi kama kusukumwa badala ya kugongwa. Remington 1100, iliyotoka mwaka 1963, ilijijengea jina kwa ulaini huo, na Beretta A400 ya leo ni ya ukoo huohuo wa gesi. Usiichanganye na semi-otomatiki zisizotumia gesi, zinazofunguka kwa nguvu ya teke lenyewe. Hizo ni safi na imara, lakini teke lake ni kali zaidi, na nyingine hugoma kupakia ukizipa gramu 24 au 21.

Ya pili ni mitutu miwili iliyopandana, mmoja juu mwingine chini, kama Beretta 686 ya Italia au Browning Citori inayotengenezwa Japani. Haina gesi wala pistoni, inategemea uzito wake na kitako chake.

Kwa Dodoma nachagua mitutu iliyopandana, ya kilo 3.5 na kuendelea. Sababu ya kwanza ni vumbi. Kuanzia Mei hadi Novemba huku hakuna mvua ya kutegemewa, upepo unavuma, na vumbi jekundu linaingia hata kwenye sanduku lililofungwa. Mtambo wa gesi unaacha masizi kila unapofyatuliwa, masizi yakikutana na mafuta na vumbi yanakuwa tope, na pistoni inakwama. Sababu ya pili ni usalama. Bunduki iliyokunjwa kila mtu uwanjani anaona iko wazi na tupu, hata akiwa mita ishirini. Sababu ya tatu ni lile swali la polisi: mtambo wa kukunja hauna utata mwingi.

Lakini kama bega lako limewahi kufanyiwa upasuaji, au shingo inakusumbua, basi gesi inastahili tabu yake, ikiwa utapata kibali. Ifungue na kuifuta kila baada ya siku ya mazoezi, na tumia mafuta kidogo sana.

Kuhusu mitutu iliyotobolewa vitundu mdomoni, usilipe zaidi kwa ajili hiyo. Inapunguza kidogo kuruka kwa mdomo wa mtutu, haipunguzi teke la kueleweka, na inaongeza kelele kwa waliosimama pembeni.

Hatua ya sita: kitako

Hapa ndipo jouli 19 zinapoweza kuhisiwa kama 30, au kama 12. Bunduki isiyokaa sawa mwilini inagonga sehemu ndogo. Inayokaa sawa inasambaza teke kwenye bega zima.

Anza na urefu, kutoka triga hadi mwisho wa mpira. Vitako vingi vya kiwandani vina sentimita 36 hadi 37, kipimo cha mwanaume wa wastani wa Ulaya. Wanawake wengi na vijana wetu wanahitaji 33 hadi 35. Iweke bunduki tupu begani, shavu lilale kwenye mgongo wa kitako, kisha tazama nafasi kati ya pua na kidole gumba cha mkono wa triga. Vidole viwili hadi vitatu ni sawa. Nafasi ikiwa kubwa, kitako ni kirefu, na bunduki itateleza kuelekea mkononi. Pua ikigusana na kidole gumba, ni kifupi.

Pima ukiwa umevaa utakachovaa uwanjani. Asubuhi za Juni na Julai hapa Dodoma watu wanavaa makoti, na koti linaongeza sentimita nzima. Oktoba utakuwa na fulana tu. Vipande vyembamba vya kuongeza kati ya kitako na mpira vinatatua hilo kwa bisibisi.

Halafu mgongo wa kitako. Shavu likiwa limelala vizuri, jicho liwe juu kidogo ya mstari wa mtutu, bila kuinua kichwa. Mgongo ukishuka sana kuelekea nyuma, mtutu unaruka juu na kitako kinapiga shavu. Ulionyooka unarudi nyuma moja kwa moja. Ukipata kitako chenye mgongo unaopanda na kushuka kwa skrubu, kilipie. Hiyo ni pesa iliyotumika vizuri kuliko nakshi za fedha pembeni.

Jambo la tatu linasahaulika, nalo linawahusu zaidi kina dada: mshazari wa mwisho wa kitako. Ncha yake ya chini ikitokeza, inachoma juu ya titi. Fundi anaweza kuukata mshazari upya ili uso wote wa mpira uguse mwili kwa pamoja. Dada yule wa Kisasa hilo ndilo lililokuwa likimtesa kuliko hata zile gramu 36.

Mpira wenyewe uwe laini na mnene, milimita 25 hivi. Mipira hukauka na kuwa migumu kwa joto na miaka. Ubonyeze kwa kidole gumba, na usipobonyea, ubadilishe. Kazi yoyote ya kukata au kuongeza ifanywe na fundi wa silaha mwenye kibali, hata kama unamjua seremala hodari wa mninga.

Hatua ya saba: ukinunua iliyotumika

Hakikisha ni tupu, kisha angalia chemba, ile sehemu ya nyuma ya mtutu inapokaa risasi. Namba 65, 70 au 76 zilizochongwa kwenye mtutu ni urefu wa ganda unaoruhusiwa, kwa milimita, *baada* ya kufyatuliwa. Ganda la 70 linaingia bila shida kwenye chemba ya 65, likifunguka linabana njia na shinikizo linapanda. Bunduki za zamani zenye 65 ziko nyingi, kwa hiyo usikisie.

Tazama ndani ya mtutu kuelekea kwenye mwanga, ukitafuta mashimo ya kutu na mibonyeo. Ifunge na uitikise ukiwa umetoa kile kishikio cha mbele cha mbao. Ikicheza kwenye bawaba, iache. Mwisho kagua pale mbao inapokutana na chuma: ukavu wa huku husinyaza mbao, na ufa mwembamba unaoanzia hapo hukua kila risasi.

Siku ya kwanza uwanjani

Nenda asubuhi, kabla upepo haujapanda, maana mchana visahani huinuliwa na kuzamishwa ovyo. Vaa viziba masikio, na juu yake vifunika masikio. Mlio wa shotigani unazidi desibeli 140, unaharibu usikivu, na ndio unaomshtua mtu zaidi ya teke lenyewe. Punguza mlio, na teke litaonekana limepungua. Miwani ya kinga ni lazima. Uzito wa mwili uegemee mguu wa mbele.

Risasi 25, kisha acha, hata kama unajisikia vizuri.

Katikati ya hizo, mwombe mwenzako akupakilie bila wewe kuona, na mara moja moja aweke ganda la mazoezi lisilo na baruti. Triga ikilia tu na mtutu ukatumbukia chini, umeanza kujihami. Shuka hadi gramu 21 mara moja, au rudi nyumbani ukafanye mazoezi ya kuinua bunduki tupu.

Jioni jitazame kwenye kioo. Alama kwenye msuli wa mkono inasema kitako ni kirefu au unakiweka nje mno. Alama kwenye mfupa wa mtulinga inasema unakiweka ndani mno au juu mno. Shavu likiuma, mgongo wa kitako haukutoshi au unainua kichwa. Kidole cha kati kikiwa kimegongwa na chuma kinachozunguka triga, kitako ni kifupi. Na kama kuna wekundu mwepesi tu uliotawanyika kwenye shimo la bega, usibadilishe chochote kwa mwezi mzima.